Mkwaruzo Mmoja, Mikwaruzo Miwili

Mzee Lutengano alikuwa keshaufikia mteremko wa pili, begi begani, ndala za buluu zikimpiga visigino, ndipo kengele ya shule ya watu wazima aliyoitoroka ilipogongwa nyuma yake kumwita arudi. Hakugeuka. Maisha yake yote aliondoka hivyo hivyo, katikati ya jambo: katikati ya hesabu, katikati ya wimbo, na mara moja katikati ya sentensi ambayo mwalimu alikuwa bado anaiandika ubaoni, na mpaka leo hajui iliishaje. Darasa la kwanza alilisoma penye udongo mwekundu. Nusu ya la pili akaisomea penye mchanga. La tatu akaliruka, mwaka ule alikuwa anachunga. La nne akalisoma mara mbili, katika shule mbili ambazo hazikupatana hata juu ya umbo la dunia. Kwa hiyo alijua kugawanya na hakujua kuzidisha, na aliweza kutaja kwa mpangilio mito ya nchi ambayo hajawahi kukutana na mtu aliyetoka huko.

Kila shule ilimwandika kwa jina ilivyolisikia, na kila jina likawa mtu wake. Kuna aliyekuwa mvivu. Kuna aliyekuwa hodari wa kuimba. Kuna aliyefukuzwa kwa kosa la mwenzake akaona hakuna haja ya kujitetea. Wote hao walikuwa wanateremka naye sasa, wakikanyagana, na hapakuwa na hata mmoja aliyemaliza.

Safari hii, lakini, alijua anakokwenda, na jambo hilo peke yake lilimsumbua kwa sababu hakulizoea. Alikuwa anakwenda Ng'ambo, upande wa pili wa bonde, kwa binti yake Tusajigwe. Alikuwa na mtoto huyo mmoja. Mara ya mwisho alimwona akiwa amepiga goti anafunga mzigo wa ndoa kwa kamba ya katani, akifunga na kufungua, akifunga na kufungua, huku wakwe wanamngoja barabarani. Tangu siku ile miaka kumi na mmoja. Sasa kila asubuhi mzee alikuwa anaamka na wazo moja, kwamba amebakiwa na mwendo wa kufika mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni pale. Kutoka mteremkoni aliuona moshi wa Ng'ambo, uzi mmoja mweupe uliosimama juu ya miti. Akautazama huo, akaongeza mwendo.

Njia ikamsaliti chini ya kilima. Ilianza kunyooka kama njia yoyote, ikapita katikati ya majani ya mbuzi, halafu ikapanda ngazi tatu za saruji na kuingia mlango wa darasa. Mzee akazunguka jengo kushoto, hakuona njia. Akazunguka kulia, hakuona. Njia ilikuwa ndani. Ilipita kati ya madawati, nyembamba, imekanyagwa hadi ikang'aa, na ikaenda kutokea mlango wa pili, upande wa bonde. Mlango huo ulikuwa umefungwa kwa komeo. Kwenye ufa wa mbao zake, penye upana wa kidole, ulionekana ule moshi.

"Pita ukae, mzee," akasema mwalimu. Alikuwa mtu mrefu, koti lake limechakaa mgongoni kwa kuegemea ubao. Aliitwa Kapufi.

"Mimi mpita njia tu, mwalimu. Nifungulie hapo niendelee."

"Kila unayemwona humu alikuwa mpita njia."

"Nakwenda kwa mwanangu."

"Utakwenda. Leo ni mtihani. Mlango unafunguliwa majibu yakishasomwa."

"Mwalimu, mimi nina miaka sabini na ushee."

"Na mimi nina dawati," akasema Kapufi, akamuuliza jina, akaliandika daftarini, akalifuta dawati vumbi kwa kiganja.

Darasa zima likasimama. "Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Kaeni, kaeni." Akakaa na yeye, magoti yakagonga ubao wa dawati. Miguu yake haikutulia. Chini ya dawati iliendelea kutembea.

Walikuwa wanafunzi ishirini na sita, na mzee aliwahesabu mara tatu kwa sababu hawakutulia katika umri wao. Akimtazama mtoto wa mbele anamwona pengo la meno ya utotoni, akigeuka na kurudi anakuta pengo ni la uzee. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mmoja, na mshale wenyewe ulikuwa unasita kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Dawatini kwake alikuwepo msichana mwenye kovu la moto kidevuni. Jina lake Sikitu. Nyuma yao kijana mmoja, Gwamaka, alivaa miwani iliyofungwa uzi.

"Babu," akanong'ona Sikitu, "majibu unayajua?"

"Hata maswali sijayaona."

"Sisi pia huwa hatujui. Ilikuwepo karatasi ya majibu, mchwa wakaila. Sasa mwalimu anahesabu tu. Waliosema kweli wangapi, waliosema si kweli wangapi. Wengi ndio jibu."

"Huko si kusahihisha. Hiyo ni kura."

"Hujasikia bado. Jibu likishasomwa, ndivyo linavyokuwa. Huko nje."

"Linakuwaje huko nje?"

"Kisima cha shule," akasema msichana, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Tuliulizwa kama kina maji. Wengi tukabahatisha si kweli. Jioni ile ile tukatumbukiza ndoo, ikapiga mwamba."

"Mwambie ya Jumanne!" akadakia Gwamaka.

"Tuliulizwa kama Jumanne ni siku."

"Sasa tunatoka Jumatatu tunaangukia Jumatano," akasema Gwamaka. "Mimi nilizaliwa Jumanne, babu. Unaona nilivyo?"

Wakacheka. Hata mzee akacheka. Sikitu hakucheka, kwa kuwa kidole chake cha tatu kilikuwa bado kimesimama.

"Na mpishi wetu, Mama Ngole. Tuliulizwa kama ni mzima."

"Ukajibu nini?"

"Nilikuwa na njaa, babu. Nilikuwa nawaza chakula. Nikatia kosa."

"Halafu?"

"Halafu tukawa tunapika wenyewe."

Mzee akageuka. Akatazama dawati moja lililokuwa tupu karibu na dirisha, sweta la kijani likining'inia kwenye kiti chake.

"Na yule kaenda wapi?"

"Nani?"

"Mwenye sweta."

"Hatujui ni la nani," akasema Sikitu. "Ukiongea wakati wa mtihani, mwalimu anafungua daftari la mahudhurio, anaandika mbele ya jina lako: *Hakuwepo*. Hapo ndiyo basi. Pengine kuna mtu aliongea. Huwa tunalivaa kwa zamu kukiwa na baridi."

Kapufi akaanza kugawa karatasi, akilowesha kidole kwa ulimi. Sikitu akasogea karibu zaidi, akaongea upesi. Akamweleza mzee jinsi wanavyobahatisha. Zamani kila mtu alikuwa na lake: huyu anarusha kokoto, yule anafumba macho na kuchoma karatasi kwa penseli, mwingine anatia vema tatu na kosa mbili, vema tatu na kosa mbili, mpaka mwisho. Baadaye wakagundua kusikiliza. Alama ya vema ni mkwaruzo mmoja wa penseli. Alama ya kosa ni mikwaruzo miwili. Unainamisha kichwa kama unayefikiri, unategesha sikio kwa anayejua, unaandika unachosikia.

"Na anayejua ni nani?"

"Mwaka jana alikuwa Gwamaka, kwa ajili ya miwani."

"Ya shangazi," akasema Gwamaka. "Sioni kitu nikiivaa."

"Mwaka huu ni wewe, babu."

"Mimi! Kwa nini mimi?"

"Una mvi," akasema Sikitu, kama anayemwonyesha mtu kitu kilichoko mezani.

Na mzee, tuseme ukweli wake, alifurahi. Hajawahi kuwa wa kusikilizwa. Shule saba alikaa nyuma, shule saba aliazima majibu ya wenzake. Leo masikio ya watu ishirini na sita yamemgeukia kama majani yanavyogeukia jua, na ndani yake wale watu wote wa majina yale, mvivu na mwimbaji na aliyefukuzwa, wakajinyoosha kola.

Karatasi ikafika. Juu yake: *Tia alama ya vema penye kweli, alama ya kosa pasipo kweli. Sentensi ishirini. Kimya.*

Sentensi ya kwanza: *Mbuzi ana pembe.*

Hapo ungedhani mtu atacheka na kutia vema. Lakini kaa ndani ya darasa lile na uitazame sentensi hiyo kwa muda. Mbuzi gani? Wote? Na yule mdogo aliyezaliwa jana? Na aliyevunjika? Alichunga mwaka mzima, Lutengano, na kadiri alivyowakumbuka mbuzi wake ndivyo pembe zilivyopungua. Hili ndilo lililomfanya akimbie shule zote zile, sasa alilitambua. Ubaya wake ulikuwa hapa, kwamba mtu anakuwekea mambo yote yaliyopo na yasiyokuwepo katika milango miwili, anakwambia ingia mmoja, upesi. Duniani humu alikuwa amekaa sana katikati. Alikuwa ameoa na hakuwa ameoa. Alikuwa na kwao na hakuwa na kwao. Nani alimuuliza hayo kwa upole, akampa nafasi ya kujibu kwa mistari minne? Hakuna. Askari wa kizuizini, karani wa hospitali, mkwe, shehe wa kitongoji kile, padri wa kitongoji hiki, wote walitaka ndiyo au hapana, naye kila mara alitupa neno moja kama anayetupia mbwa mfupa ili apite. Yaliyompata yote yalitoka katika maneno hayo aliyoyatupa. Kijiji alichofukuzwa, alikitupia hapana. Mke aliyemfia, alimtupia ndiyo akiwa anawaza mvua. Je, waliokuwa na uhakika ni akina nani? Na kama hawakuwepo, basi dunia yote hii, na mipaka yake, na sheria zake, na majina ya siku zake, ni karatasi ya mtu aliyekuwa na haraka ya kutoka nje?

Akahesabu vifungo vya shati lake, kweli, si kweli, kweli. Akatia vema.

*Kengele ya shule hii ni ya chuma.* Vifungo. Kosa.

*Mwalimu wenu ana mke.* Vifungo. Vema.

*Kivuli cha mtu ni mali yake.* Vifungo vilikuwa vitano, akaona si haki kuanzia juu kila mara, akaanzia chini.

*Darasa hili lina dirisha.* Hii hakuhesabu. Aliliona dirisha, akatia vema, akaona raha ya kujua kitu.

Mchana ukaingia, ukatoka, ukaingia tena. Ndevu zikamwota. Gwamaka akang'oka jino, akaliweka mfukoni. Na kila alipotia alama, nyuma yake na mbele yake darasa zima likakwaruza, naye hakusikiliza lilivyokwaruza. Anayesikilizwa huwa hasikilizi. Alikuwa na kazi ya vifungo.

Mpaka sentensi ya kumi na saba.

*Ng'ambo ya bonde kuna watu.*

Akaisoma. Akainua macho kwenye ufa wa mlango. Moshi ulikuwepo, uzi ule ule, umesimama. Kumbe ilikuwa hivi. Kumbe alitembezwa shule saba, akapewa vipande, akanyimwa vingine, ili siku moja aulizwe kitu kimoja anachokijua, mbele ya watu wanaomwamini. Akamfikiria Tusajigwe amepiga goti. Akafikiria pia, kwa mara ya kwanza, Mama Ngole. Akashika penseli sawasawa, akatia vema taratibu, vema nzuri kuliko zote alizowahi kutia, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa kwanza penye udongo mwekundu.

Na mwalimu yule wa kwanza alifundisha hivi, kwa fimbo: vema haichorwi kwa pupa. Kijiti kifupi kinashuka. Unainua mkono. Unapumua. Kijiti kirefu kinapanda. Hakuna shule nyingine iliyofundisha hivyo, na hakuna aliyemrekebisha, kwa kuwa hakukaa popote akarekebishwe.

Kwaru. Kwaruu.

Kisha darasani kote, dawati kwa dawati, mpaka ukutani: kwaru, kwaruu. Kwaru, kwaruu. Kama kuku wengi wanaoparua kwa pamoja.

Safari hii alisikia.

Aligeuza shingo kidogo tu. Kwenye karatasi ya Sikitu, mbele ya kumi na saba, palikuwa na kosa, mistari miwili myeusi imekatana. Akatazama juu yake. Kosa, kosa, kosa, kutoka ya kwanza. Vema zake zote walizisikia kuwa makosa, na makosa yake pia ni makosa. Akatazama ufa wa mlango. Moshi ulikuwa umeanza kuyumba, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali na hana hakika kama ni yeye.

*Nyamaza*, akajiambia. *Nyamaza tu.*

*Ukinyamaza watasoma.*

*Wakisoma hayupo.*

*Ukisema, wewe ndiye usiyekuwepo.*

*Nani atakayefika sasa? Na atafika kwa nani?*

*Ondoka. Simama uondoke, umezoea. Rudi ulikotoka.*

*Nimetoka wapi?*

Akasimama. Dawati likalia.

"Hiyo ya kumi na saba mmenisikia vibaya! Mimi vema yangu ina mikwaruzo miwili, ndivyo nilivyofundishwa! Ni kweli! Ng'ambo kuna watu! Badilisheni!"

Kapufi akatoa daftari la mahudhurio kwenye droo ya meza, akalifungua polepole, akatafuta jina kwa kidole. Akachukua kalamu nyekundu. Akaandika; kalamu haikutoa wino. Akaitikisa. Akajaribu kwenye ukucha.

"Babu, kaa," akanong'ona Gwamaka, macho yamemtoka nyuma ya miwani. "Kaa bado hajaandika!"

"Binti yangu yuko kule! Anaitwa Tusajigwe. Ni mrefu, ana sauti nene, akifunga mzigo anaufungua tena. Moshi ule ni wa jiko lake!"

"Umemwona lini?" akauliza Sikitu. Hakunong'ona. Alikuwa anamtazama usoni kama mtu anayesoma sentensi.

"Miaka kumi na mmoja."

"Na moshi unajuaje ni wa kwake?"

Mzee akautazama ufa. Kalamu ya Kapufi ilikuwa inakwaruza bila wino, kwaru, kwaru.

"Hujui," akasema Sikitu. "Na wewe unabahatisha."

Neno lile lilimkaa. Ilikuwa hivyo. Miaka kumi na mmoja hakupata barua wala salamu. Moshi unaweza kuwa wa mchoma mkaa. Unaweza kuwa wa msitu. Uhakika wake wote, ule alioteremka nao kilima akiubeba kama yai, ulikuwa kifungo kimoja kwenye shati.

"Nabahatisha, mjukuu wangu," akasema. "Nabahatisha tangu nizaliwe. Lakini hili moja nataka liwe."

"Hilo si jibu."

"Najua si jibu."

Wino ukatoka. Kapufi akaandika, akapuliza pakauke, akafunga daftari.

Hakikutokea kishindo. Mzee alibaki amesimama alipokuwa amesimama, mikono yake mbele yake, anaiona. Ila macho ya Sikitu yalikuwa yamempita sasa, yanatazama ukuta. Msichana akakunja uso kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya kitu akashindwa kukikumbuka, akasogea katikati ya dawati, akajinafasi.

"Tuendelee," akasema Kapufi. "Robo saa."

"Gwamaka," akaita mzee. Gwamaka akafuta miwani yake. "Mwalimu!" Mwalimu akapiga mwayo.

Akazunguka darasa, akapiga makofi mbele ya nyuso zao. Akajaribu kuwashika mikono. Mikono ikajikuna alipoishika. Ikamjia kukaa chini alie, kisha akaona kitu kingine. Kwamba hakuna anayemkataza. Katika shule zote nane hajawahi kuwemo darasani na asikatazwe. Akatazama karatasi zao, zile alama za kosa zilizokandamizwa kwa nguvu. Aliwajua wanafunzi. Alikuwa mmoja wao kwa vipande vipande. Mwanafunzi hufuta kwa mate na kidole, karatasi inatoboka, na karatasi iliyotoboka ni sifuri. Kwa hiyo mwenye akili hafuti hata akijua kakosea, anaacha uongo wake mahali pake ukiwa msafi.

Akavua ndala.

Kwenye dawati la Gwamaka palikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Akauchukua, akakaa sakafuni katikati ya njia, akaikata ndala ya kwanza vipande, kisha ya pili. Kipande cha ndala ndicho ufutio alioujua shule zote, hata zile zilizogombana juu ya umbo la dunia. Kata, kata. Wembe ukamchana kidole, hakusimama. Akapita akiweka kipande cha buluu mbele ya kila mmoja. Kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, cha kisigino, akakiweka kwa Sikitu, juu kabisa ya kumi na saba, na alama ya damu kidogo pembeni.

Kisha akakaa kwenye lile dawati la sweta, maana ndilo lililokuwa wazi, akasubiri kama wote waliosubiri.

Sikitu akakiona kipande. Akakigeuza. Akatazama juu, kama kimedondoka darini. Akakinusa, kilinuka njia, vumbi na jasho la mguu. Akasoma sentensi iliyokuwa chini yake. *Ng'ambo ya bonde kuna watu.* Hakukumbuka kama kuna mtu aliyemwambia neno. Hakujua kitu chochote juu ya Ng'ambo isipokuwa kwamba mlango wa upande ule una ufa, na penye ufa pana kitu cheupe kinachoyumba. Akautazama ufa. Alitazama muda mrefu sana. Nywele zake zilirefuka, zikasukwa, zikafumuka. Mzee akaona midomo yake inatikisika. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Kidole cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kikasimama, kikabaki kimesimama.

Akashika kipande cha ndala, akafuta. Fu, fu, fu. Darasa zima likainamisha vichwa.

Halafu penseli ya Sikitu ikasema mara moja tu.

Kwaruu.

Majibu yalisomwa jioni. Ya kwanza hadi ya kumi na sita, si kweli zote. Ya kumi na saba, waliosema kweli kumi na wanne, waliosema si kweli kumi na wawili. Kapufi alihesabu mara mbili, akaandika. Zilizobaki hazikuwa na neno. Komeo likafunguliwa.

Na hivi ndivyo ilivyokuwa baadaye. Mbuzi wa bonde lile hawana pembe. Kengele haikujulikana ni ya kitu gani, ikaachwa kugongwa. Darasa halina dirisha, wanasomea mlango ukiwa wazi. Mwalimu Kapufi alifika nyumbani akakuta kitanda cha futi tatu na kikombe kimoja; alikaa hapo, anasimamia mitihani hadi leo, na hajui kwa nini huandaa chai nyingi. Gwamaka alifeli, alirudia, alifaulu, akawa fundi wa miwani. Wale kumi na wawili waliendelea kukaa. Sikitu alitoka mlango wa pili siku ile ile, akavuka bonde, akapika katika shule ya Ng'ambo miaka ishirini. Hakujibu tena mtihani wowote. Sweta lilichakaa, likawa kitambaa cha kufutia ubao.

Tusajigwe yupo. Ana watoto wawili na jiko la kuni. Ukimuuliza habari za baba yake, anasema hakuwa na baba.

Mwaka ule alipokea mzee mmoja aliyefika pekupeku, amepotea njia. Alimpa maji, akampa ndala kuukuu za mumewe. Mzee alikaa miezi minne, akamkatia kuni, akawafundisha watoto mito ya nchi ya mbali, akaondoka asubuhi moja katikati ya chakula. Tusajigwe alimfungia mahindi ya njiani kwa kamba ya katani. Alifunga, akafungua, akafunga tena.